kpatch-build inagoma: gcc hailingani na kerneli, halafu "unsupported section change". Nifanyeje?

"Shikamoo mwalimu. Kazini nina seva moja ya Ubuntu 22.04, kerneli yake ni 6.8 ya HWE, watu wanaitumia usiku na mchana na bosi hataki kusikia habari ya kuizima. Kuna tundu la usalama limetangazwa, pachi yake nimeiona, nikataka kuiweka kerneli ikiwa hewani. Nikachukua kpatch, zana ya kuweka pachi kwenye kerneli bila kuzima mashine, make ikagoma ikisema gelf.h: No such file or directory, nikahangaika mpaka nikaweka libelf-dev ikapita. Nikaja kwenye kpatch-build ikaniambia gcc/kernel version mismatch, kompaila yangu gcc ni 11.4.0, iliyojenga kerneli ni 12.3.0. Nikasoma mahali nikaweka --skip-gcc-check, ikatembea karibu masaa 3 halafu ikafa na '1 unsupported section change(s)'. Nimefuta nimeanza upya mara 4, jibu ni lile lile. Pachi yenyewe ndogo tu, inaongeza if moja kwenye funksheni na kubadilisha namba kwenye jedwali la static lililoko juu ya faili. Tatizo ni kpatch, ni pachi au ni mashine yangu? Na kuna namna ya kuilazimisha ipite?"

Marahaba mdogo wangu, pole sana, masaa 3 mara 4 ni usiku mzima umeenda. Swali lako nimelirudia mara kadhaa maana ndani yake kuna erori 3 ambazo kila moja ina chanzo chake, ila kwa vile zimekujia kwa kufuatana umeziona kama ugonjwa mmoja. Ya kwanza, ile ya gelf.h, ulishaimaliza vizuri. Ya pili hukuimaliza, uliiziba mdomo. Ya tatu inatoka kwenye pachi yenyewe, na ingekutokea hata ungekuwa na mashine mpya kabisa yenye kila kitu sawasawa, kwa hiyo kufuta na kuanza upya hata mara 20 kusingesaidia.

Kuilazimisha ipite, hapana. Na sio kwamba naogopa seva itaanguka, seva ikianguka utajua hapo hapo na simu zitaita. Ninachoogopa ni moduli (faili lenye pachi linalopakiwa kwenye kerneli) ikubali, kila kitu kiandike SUCCESS, uende kulala, na tundu liko wazi vile vile. Hilo limeshanipata, nitakusimulia chini.

Kwanza tuelewane kpatch-build inafanya nini katika hayo masaa 3, maana wengi wanadhani inachukua faili la pachi na kulibandika kwenye kerneli kama plasta. Haiko hivyo. Inachukua sosi ya kerneli yako, inaijenga yote bila pachi, halafu inaweka pachi na kujenga tena yale yaliyoguswa. Wakati wa kujenga inamwambia kompaila aweke kila funksheni na kila data kwenye sekisheni (fungu la faili) yake peke yake, ndo kazi ya -ffunction-sections na -fdata-sections, ili kulinganisha kuwe rahisi. Hapo anaingia mhusika mkuu anaitwa create-diff-object, anashika faili la .o la zamani na la jipya, anapitia sekisheni kwa sekisheni, anasema hii ni ile ile, hii imebadilika, hii ni mpya. Zilizobadilika anazichomoa, zinaunganishwa kuwa moduli ya .ko. Ukiipakia moduli, kerneli inatumia ftrace, yaani chombo chake cha ndani cha kufuatilia funksheni: mwanzoni mwa karibu kila funksheni kuna nafasi ndogo ya baiti 5 (kwa x86_64) ambayo kawaida haifanyi chochote, sasa inageuzwa kuwa njia ya kuruka kwenda kwenye funksheni mpya. Ya zamani haifutwi, ipo pale pale, inarukwa tu.

Shika sana hiyo habari ya kulinganisha maana erori zako zote 3 zinazunguka hapo.

Ile ya gelf.h: create-diff-object anasoma mafaili ya ELF (muundo wa mafaili ya .o na programu za Linux) kwa kutumia maktaba ya libelf, na gelf.h ni hedi ya maktaba hiyo. Kwenye Ubuntu na Debian paketi ni libelf-dev, kwenye familia ya Red Hat ni elfutils-libelf-devel. Nimeshaona watu wanakopi gelf.h peke yake kutoka mahali wanaitupia /usr/include, inapita kidogo halafu linka inalalamika haioni -lelf, usifanye hivyo. Na kama siku moja utajenga kpatch kwenye distro mpya sana ikagoma kwa kitu kinachoonekana ni onyo tu, jua Makefile yake ina -Werror, yaani onyo lolote la kompaila mpya linageuka kuwa kosa, dawa yake ni kuchukua toleo jipya la kpatch badala ya kung'ang'ana na lile la zamani. Pia ndani ya sosi ya kpatch kuna faili test/integration/lib.sh, ukilifanyia source halafu ukaita kpatch_dependencies linakuwekea vitu vyote vinavyohitajika kwa pamoja, lingekuokolea nusu siku.

Sasa ya pili, hapa tukae kidogo.

Ubuntu 22.04 gcc yake ya kawaida ni 11.4. Lakini kerneli ya HWE inatoka kwenye Ubuntu za mbele, na hiyo 6.8 imejengwa kwa gcc-12. Kwa hiyo hujakosea kitu ulipoinstoli, mashine imekuja hivyo, wenye kadi za NVIDIA walilalamikia jambo hili hili wakati wa kujenga draiva. Ukitaka kuona mwenyewe kwenye vmlinux, yaani faili zima la kerneli iliyokwisha jengwa, andika:

readelf -p .comment /usr/lib/debug/boot/vmlinux-$(uname -r)

Utaona neno GCC na 12.3.0 mbele yake. kpatch-build inafanya hicho hicho, inakompaili kifaili kidogo cha majaribio, inasoma .comment yake (sekisheni inayotaja kompaila), inalinganisha na ya vmlinux, zikipishana inakataa. Watu wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni msaada mkubwa kuliko yote kwenye hiyo skripti, na sababu ni hii.

Kompaila huwa anameza funksheni ndogo. Tuseme una funksheni angalia() inaitwa na soma() na andika(). gcc-12 alipojenga kerneli yako alimeza angalia() ndani ya soma(), yaani alikopi maelekezo yake humo humo, ila kwa andika() akaiacha iitwe kawaida. Sasa wewe unajenga na gcc-11, yeye ana mahesabu yake, haimezi kokote. create-diff-object analinganisha ya zamani na mpya, zote mbili ZAKO, zote za gcc-11, anaona iliyobadilika ni angalia() tu. Anachomoa hiyo. Ukipakia moduli, andika() inaruka kwenda kwenye angalia() mpya vizuri kabisa. soma() je? Ile iliyoko kwenye memori ya seva ina kopi ya zamani tumboni mwake, haiiti mtu, haijui kama kuna pachi. Mshambuliaji akipitia soma() anaingia.

Ndo kilichonikuta. Miaka ya nyuma, seva ya ofisi fulani, niliruka ukaguzi wa kompaila kwa sababu nilikuwa na haraka na tofauti ilionekana ndogo. Moduli ikapakiwa, transition (alama kwamba kuhamia kwenye pachi bado kunaendelea) ikafika 0, dmesg ikaandika patching complete, nikafurahi. Bahati nzuri nilikuwa na kiprogramu cha kujaribu lile tundu, nikakirusha kwenye mashine pepe yenye kerneli na moduli hiyo hiyo, kikapita kama hakuna kilichofanyika. Nikatumia objdump -d (inaonyesha maelekezo ya mashine) kwenye vmlinux nikaenda mpaka kwenye funksheni inayoita, nikatafuta call ya ile niliyoipachi, haipo. Maelekezo yenyewe yamelala pale pale katikati ya funksheni nyingine. Nilikaa kimya muda mrefu siku ile. Na ukiangalia kwa nm (inayoorodhesha majina) utadanganyika maana jina la funksheni lipo, kwa sababu kuna mahali pengine haikumezwa.

Wakati mwingine gcc isiyolingana inajionyesha mapema, unapata "couldn't find matching ... local symbols in vmlinux symbol table", yaani orodha ya majina kwenye .o yako hailingani na ya vmlinux. Ukiipata hiyo shukuru, na kabla ya kulaumu kitu kingine hakikisha vitu vinne vinatoka kwenye kerneli moja: sosi, konfigi, vmlinux ya dbgsym (paketi ya alama za utatuzi), na kerneli inayofanya kazi sasa hivi. Hapo wengi wanaanguka kwa sababu apt imeshaleta kerneli mpya kwenye diski lakini seva haijazimwa, sasa dbgsym ni ya mpya na uname -r ni ya zamani.

Dawa ya hii yako ni rahisi:

sudo apt install gcc-12
mkdir ~/gcc12
ln -s /usr/bin/gcc-12 ~/gcc12/gcc
export PATH=$HOME/gcc12:$PATH
gcc --version

Ikisema 12.3.0 uko sawa. Jina la linki liwe gcc tupu, na usiseti CC peke yake ukidhani inatosha, Makefile ya kerneli inajipangia CC yenyewe na ile ya mazingira haiisikilizi. Halafu endesha kpatch-build kama yuza wa kawaida bila sudo, maana sudo inaweka PATH yake na utarudi kwa 11.4 bila kujua. Ile --skip-gcc-check (kwenye matoleo mapya inaitwa --skip-compiler-check) itoe kabisa kwenye amri yako, na kwenye historia ya terminali kama unaweza.

Ya tatu sasa. "1 unsupported section change(s)" ni mstari wa mwisho tu, maana yenyewe iko juu yake. Fungua ~/.kpatch/build.log, utakuta kitu kama "changed section .data.jina_la_jedwali not selected for inclusion". Nina uhakika mkubwa ni lile jedwali la static ulilolitaja. Wewe umebadilisha namba kwenye sosi, ukaona ni kitu kidogo kuliko hata ile if. Kwa livepatch, yaani kupachi kerneli ikiwa hewani, ni kinyume, if ni rahisi na namba ni ngumu. Funksheni unaweza kuiruka kwa sababu haibebi kumbukumbu, ikiitwa tena inaanza upya. Jedwali limeshapakiwa kwenye memori tangu seva ilipowaka, huenda thamani zake zimeshabadilishwa njiani, huenda kuna pointa za watu wengine zinaliangalia. Moduli ikija na jedwali lake jipya, nusu ya kerneli itasoma la zamani na nusu jipya. create-diff-object hawezi kujua kama hilo ni salama, kwa hiyo anakataa, na yuko sahihi.

Una njia mbili. Ya kwanza ndo naipenda: liache jedwali kama lilivyo na uiandike upya pachi ili funksheni inayolisoma itumie namba mpya yenyewe, mfano badala ya kubadilisha kikomo kwenye jedwali kutoka 64 kwenda 32, unaweka kwenye funksheni sharti la kukataa chochote kinachozidi 32. Lakini lazima ukague ni nani wote wanasoma hilo jedwali, tumia grep kwenye sosi, wakiwa watatu wapachi wote watatu. Ya pili ni kuandika kolbaki, kpatch ina makro KPATCH_PRE_PATCH_CALLBACK na KPATCH_POST_PATCH_CALLBACK, unaandika funksheni ndogo inayoenda kuandika namba mpya kwenye jedwali halisi mara moja tu wakati wa kupakia. Inafanya kazi, ila hapo unagusa data inayotumika wakati huo huo na CPU nyingine, kwa hiyo kama hujui ni kufuli gani inalinda hiyo data usiguse. Na ungekuwa unaongeza fildi kwenye struct ningekupeleka kwenye shadow variables (data ya ziada inayowekwa pembeni ya struct), klp_shadow_alloc na ndugu zake, ila wewe hujafika huko na usijitafutie.

Mengine yanayogoma kwa asili, uyajue usije kupoteza usiku tena: funksheni za __init, zimeshafanya kazi wakati wa kuwaka na hazirudi, funksheni ambazo hazina ile nafasi ya ftrace, utaambiwa "has no fentry/mcount call, unable to patch", na pachi inayogusa hedi, hiyo inaweza kubadilisha funksheni 200 kwa mpigo. Hapa nina kanuni yangu moja. kpatch-build inapomaliza kulinganisha inaandika mistari ya "changed function:". Ihesabu. Kama pachi yako inagusa funksheni 1 na yenyewe imetaja 1, au 3 kwa sababu ya kumezwa, sawa. Ikitaja 40, simama hapo hata kama imeandika SUCCESS, kuna kitu hakilingani.

Kabla ya pachi yako halisi jaribu ile ya mazoezi ya watu wa kpatch wenyewe: kwenye fs/proc/meminfo.c badilisha VmallocChunk iwe herufi kubwa VMALLOCCHUNK, jenga, pakia kwenye mashine pepe yenye kerneli ile ile kwa kpatch load, halafu andika grep -i chunk /proc/meminfo. Ikikuonyesha herufi kubwa ujue vifaa vyako viko sawa na kuanzia hapo ukikwama lawama ni za pachi. Mjengo wa kwanza utachukua muda, weka ccache (inahifadhi kilichokwisha kompailiwa) na uache kama GB 15 za diski, mijengo inayofuata itakuwa ya haraka, hutasubiri tena masaa 3. Ikigoma kwa kudai pahole, weka paketi inaitwa dwarves. Moduli ikikataliwa na "Key was rejected by service" hiyo ni Secure Boot inataka saini, haihusiani na ujenzi.

Sasa tuongee kama watu wazima kuhusu kama hii kazi uifanye au la. Mimi napenda livepatch, teknolojia hii imeiva, Ksplice ilianzia MIT mwaka 2008, Red Hat wakaja na kpatch na SUSE na kGraft mwaka 2014, na tangu Linux 4.0 ya 2015 msingi wake umo ndani ya kerneli yenyewe. Lakini kuijenga mwenyewe kwa seva moja ya kazi ni njia ndefu. Kwa Ubuntu kuna Canonical Livepatch, wao wanajenga kwa kompaila sahihi na wanapima kabla hujapewa, inakuja na Ubuntu Pro ambayo kwa matumizi binafsi ni bure mpaka mashine 5, kwa kampuni angalieni masharti yao kama mtalipia. Angalia kama kerneli yenu imo kwenye orodha yao na kama hilo tundu wamelifanyia pachi. Wanaangalia zaidi yale makubwa, sio kila tundu.

Na njia ya tatu ni kuzima na kuwasha. Najua bosi hataki. Ila mueleze hivi: dakika chache za saa 9 usiku Jumapili mmezipanga wenyewe na watu wameambiwa, au siku isiyojulikana imezimika kwa sababu mtu ameingia. Livepatch inakununulia muda tu mpaka siku ya kuiwasha upya kwa kerneli iliyorekebishwa, na kila pachi unayorundika inafanya siku hiyo kuwa ngumu zaidi. Kama huduma haiwezi kusimama hata dakika 5 basi mnachohitaji ni seva ya pili inayopokea wakati hii inapumzika, hilo ni ombi la bajeti na una haki ya kulipeleka mezani.

Kuna hali ambazo nakuomba usiendelee peke yako na maandishi yangu, tafuta mtu aliyewahi kufanya kazi za kerneli akae nawe kwenye kiti, au fungua tiketi kwa waliowauzia huduma: pachi ikiwa inagusa kufuli yaani spinlock na mutex, mfumo wa mafaili au draiva ya diski, seva ikiwa inabeba pesa za watu au rekodi za wagonjwa, huna bakapu uliyoijaribu kuirudisha, au huna njia ya kuifikia seva ikikata mtandao zaidi ya SSH. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau sana. Ukipakia moduli na mashine ikaganda, SSH haitakusaidia, lazima kuwe na konsoli au mtu aliye karibu na swichi.

Kwa hiyo leo usiiguse seva. Weka gcc-12, jenga ile ya meminfo kwenye mashine pepe, ikipita toa jedwali kwenye pachi yako ujenge tena. Ukikwama nitumie majibu ya ile readelf, mistari kama 20 iliyo juu ya neno ERROR kwenye build.log, na pachi yenyewe jinsi ulivyoiandika upya. Jina la seva na IP vifute kabla hujatuma.